Meneja wa Ghala la Ngozi

Siku niliyokwenda kuomba kazi kwa Meneja, hakuniuliza napiga chapa maneno mangapi kwa dakika. Aliniuliza kama mgongo huwa unaniuma. Nikasema jioni huwa unauma. Akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyepata alichokuwa anakitafuta, akamwita mkewe kutoka uani. Yule mama akaja na kamba ya katani. Nikamwamkia, akaitikia, akapiga magoti mbele yangu akanipima kutoka gotini hadi kisiginoni, kisha kutoka kiunoni hadi kwenye kiwiko. Kila alipomaliza kipimo alifunga fundo.

"Nisamehe, binti yangu," aliniambia kwa sauti ya chini, ingawa mumewe alikuwa hapo hapo anasikia. "Kiti chenyewe hakijachongwa, na mshahara sijui kama ameutaja."

Alikuwa hajautaja.

Cheo cha Meneja alijipa mwenyewe. Kampuni nzima ilikuwa na watu watatu: yeye, Mhasibu na mimi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, na vijiji vichache vya upande wa Ilongero na Sepuka vilikuwa vimekubali kuwa na ofisi moja Singida mjini ya kuwapigia chapa barua zao na kuwafanyia hesabu za mavuno, badala ya kila kijiji kwenda kupanga foleni wilayani. Wazo lilikuwa lake. Kwa ajili ya wazo hilo aliacha kazi ya ukarani serikalini, kazi yenye pensheni, na kiti chake kule kikapata mtu mwingine kabla hakijapoa. Mkewe hakuwa amemsamehe. Alimpikia, alimfulia, alimpimia wapiga chapa magoti, lakini kusamehe alikuwa bado hajafika huko.

Vijiji vilimpa msimu mmoja wa kujaribu. Mashine ya chapa ilikuwepo, na ya kujumlishia ilikuwepo. Kilichokosekana ni mpiga chapa wa kukaa. Wasichana waliosomea kazi ile walikuwa wachache nchi nzima, na waliokuja Singida walikuwa wakishuka leo, kesho wanaulizia lori la kwenda Itigi wakapande treni. Aliyenitangulia alitoka kwenda kununua sindano, akaja kuonekana Itigi. Wazee wa vijiji walikuwa wamemwambia Meneja wazi kwamba wakikosa mpiga chapa tena kabla ya mavuno kwisha, watachukua mashine zao na mambo yaishie hapo. Na yeye hakuwa na mahali pa kurudi.

Mimi nami sikuwa mtu wa kutegemewa. Nilikuwa na cheti cha sekondari, kazi niliijua, lakini nilikuwa nimeshafungasha na kuhama Dodoma na Tabora kwa sababu ambazo hata leo siwezi kuzieleza vizuri. Meneja alilijua hilo. Alinichukua kwa kuwa hakukuwa na mwingine.

Alipenda kusema kwamba watu hawakimbii kazi, wanakimbia viti. Hilo hakulitoa hewani. Kabla ya kunipata alikuwa amezunguka mji mzima akiwauliza wapiga chapa wa serikali, wa misheni na wa maduka makubwa ni nini kinawaondoa. Watu walifikiri anatafuta mchumba, na habari zikamfikia mkewe kabla yeye hajafika nyumbani. Lakini alirudi na majibu: vumbi, mgongo, choo, na wazee wanaosimama nyuma ya shingo yako kutazama herufi zikitoka.

Alianza na choo. Chumba tulichopanga kilikuwa ghala la ngozi, mali ya mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mbele yake. Ngozi zilikuwa zimeshaondoka lakini harufu ilikuwa haijapata taarifa. Hakukuwa na meza, hakukuwa na rafu, na Meneja akaamuru kichimbwe kwanza choo cha wanawake, chenye mlango wa bati na komeo kwa ndani. Wanawake wa kampuni nilikuwa mimi peke yangu. Mhasibu, kijana wa Kinyiramba kutoka Sekenke mwenye maneno mengi, akasema kwao wanachimba kina kama kile wakitafuta dhahabu. Meneja akamjibu kuwa nao kule wangeanza na choo, wachimbaji wasingekuwa wanahamahama.

Baada ya choo ikaja chaki. Hili ndilo watu wa Singida walilolisimulia zaidi. Kabla fundi hajapiga msumari hata mmoja, Meneja aliichora ofisi yote sakafuni: meza yangu hapa, ya Mhasibu pale, rafu, kabati, ukuta wa mbao wa kukinga upepo, mlango wake. Kisha akatuamuru tuishi humo. Wiki nzima tulitembea ndani ya michoro ile. Niliketi juu ya debe mbele ya meza isiyokuwepo, nikipiga chapa mashine ikiwa juu ya sanduku. Nikitaka karatasi naenda kwenye rafu ya chaki, nainama, narudi. Meneja alisimama pembeni na kofia yake, akitazama nani anagongana na nani. Ukikanyaga mstari alikurudisha.

"Hapo umepita ukutani. Rudi, upitie mlangoni."

Asubuhi moja mwenye nyumba alikuja kuona tunafanya nini na ghala lake. Aliingia moja kwa moja, akakatiza ukuta wa chaki, akasimama katikati ya lile lililokuwa kabati. Meneja akamwambia kwa heshima zote kwamba amesimama kabatini. Yule mzee alitutazama sisi watatu mmoja mmoja, akaona hakuna anayecheka. Akarudi nyuma taratibu hadi kwenye mlango wa chaki, akanyanyua ngumi na kubisha hodi hewani. Meneja akamkaribisha. Nadhani kuanzia siku hiyo aliacha kutudai kodi mapema, kwa kutuonea huruma.

Lakini sasa niseme ukweli kuhusu chaki ile. Siku ya tatu tuligundua kwamba dirisha lingenipiga jua la asubuhi usoni, na siku ya nne kwamba Mhasibu akivuta mkono wa mashine ya kujumlishia, kiwiko chake kingenifikia sikioni. Meneja alifuta kwa kandambili, akachora upya. Fundi seremala alipokuja kupiga misumari hakukuwa na cha kubishania. Kiti changu kilichongwa kwa mafundo ya kamba ile. Nilipokikalia mara ya kwanza nilisahau kama nimekaa. Meneja aliniuliza kikoje, nikasema kizuri. Akaniuliza tena baada ya chakula cha mchana, na tena jioni, na kesho yake, mpaka nikamwambia kikianza kuniuma nitakuja kumwamsha.

Upepo wa Singida anaujua aliyekaa. Unaanza asubuhi na mchanga wake, na karatasi ukiiacha mezani unaifuata hadi ziwani. Meneja alikwenda kwenye yale mawe makubwa yanayozunguka mji, akarudi na kikapu cha mawe madogo, akamgawia kila mtu jiwe la kukandamizia karatasi. Aliyachagua kwa kuyapima mkononi kama mama anayenunua viazi. Jiwe la Mhasibu lilikuwa kubwa kupita yote, na Mhasibu alidai kwamba amepewa la kufungia mlango. Meneja akasema mwenye maneno mepesi anahitaji jiwe zito.

Alikuwa mtu wa Ujamaa kwelikweli, na alikuwa bosi kwelikweli, na mambo hayo mawili yaliishi ndani yake bila kusalimiana. Alikataa kuwa na chumba chake. Meza zetu zote tatu zilikuwa na urefu mmoja kwa sababu, alisema, hakuna anayefanya kazi kwa heshima akiwa chini ya pua ya mwenzake. Lakini kiti chake peke yake kilikuwa na mikono, na mezani alifunga kengele ya baiskeli. Akimtaka Mhasibu, aliyekaa umbali wa mkono, hakumwita. Alipiga kengele. Mhasibu alikuwa akisogea pembeni kana kwamba baiskeli inapita.

Chakula ofisini kilikuwa marufuku, kwa ajili ya panya. Karanga zake zilikuwa kwenye droo ya chini, na panya walikuwa wanajua hivyo kabla yetu. Alitaka pia ofisi iwe kimya. Alitueleza faida za ukimya asubuhi yote, siku baada ya siku, mpaka Mhasibu akaniuliza kama na yeye anaweza kuchongewa kiti cha kusikilizia.

Jambo ambalo hakulichora, kwa sababu haliwezi kuchorwa, lilikuwa salamu.

Mavuno yalipoanza, wazee wa vijiji wakaanza kuja. Na mzee akiingia mahali penye vijana, vijana wanasimama, wanaamkia, na yeye anaitikia. Hapo ndipo salamu inapoanza. Kwa Wanyaturu salamu si neno, ni mazungumzo: wa nyumbani, mifugo, watoto, mvua imefikia wapi. Mimi sikuwa wa kwao, kwa hiyo nilikuwa kazi zaidi. Waliniuliza kwetu ni wapi, wazazi wangu wapo, kule wanalima nini, na hicho wanacholima wanakula na nini. Kumjibu mzee ukiwa umeketi, mikono iko kwenye mashine, kulikuwa kama kumpa mgongo. Tulisimama. Mhasibu aliachia mkono wa mashine katikati ya jumla ndefu, akirudi amepoteza alipokuwa, anaanza juu. Mzee wa kwanza akimaliza kusalimiwa, wa pili anapiga hodi.

Kazi ikalala. Hesabu za Sepuka, zilizotakiwa kabla ya mkutano wao wa kugawana, hazikuwa hata nusu. Meneja alikuwa amejenga ofisi ambayo kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa sisi, kwa kuwa sisi tulikuwa tumesimama. Mimi nikaanza kuulizia lori la Itigi. Niliuliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichotaka kukinunua, lakini mji ulikuwa mdogo. Siku ya pili Meneja aliingia na uso uliopungua. Habari za lori hakuzitaja. Aliniuliza kuhusu kiti.

Kesho yake alileta pazia la matete na kulisimamisha kuanzia ukuta hadi ukuta. Sisi nyuma, wageni mbele, na yeye katikati akiwapokea kwa niaba ya wote. Alifurahi sana. Asubuhi nzima mashine zilikwenda kama mvua juu ya bati, na nilipiga chapa barua nyingi kuliko wiki iliyopita yote.

Mchana akaingia mwenyekiti wa kijiji cha upande wa Sepuka, mzee mrefu mwenye koti la kijeshi la zamani. Tulimsikia akiketi. Tulimsikia Meneja akimsalimu kwa niaba ya wote. Kisha zikabaki mashine zetu tu, zikilia nyuma ya matete.

"Meneja," mzee akasema, "hao watoto wako wamefiwa?"

"Hapana, mzee wangu. Kwa nini?"

"Maana nimeingia, wapo, nawasikia, na hawajaniamkia. Nikadhani wako ndani kwa msiba."

Mikono yetu ikasimama. Meneja akaanza kueleza habari za hesabu, kwamba ukizikatiza zinapotea na kazi inachelewa, na anayeumia ni mwanakijiji. Alieleza vizuri, na kwa muda mrefu. Mzee alimwacha amalize.

"Mimi nahesabu ng'ombe zizini huku nasalimiwa," akasema. "Na hawapotei."

Akainuka. Akasema wazee watakaa walizungumze, kwa sababu vijiji havikuchanga ili kujenga nyumba ambamo watoto wanajificha wasionwe na wakubwa wao. Akatoka bila kuaga, na kwa mtu wa pale hilo lilikuwa kubwa kuliko maneno yake yote.

Meneja alikaa kwenye kiti chake chenye mikono. Hakupiga kengele. Hakula karanga. Jioni mkewe alikuja kumchukua, akatazama pazia, akatutazama sisi, akamwambia waende nyumbani, ugali unapoa. Ilikuwa mara ya kwanza nilipomsikia akizungumza naye bila kuitaja pensheni, na nikaelewa kwamba hali ni mbaya.

Wazee walikuja siku ya gulio, watatu, yule wa Sepuka mbele. Walikuja kuvunja ofisi. Meneja hakuwepo, alikuwa kwa fundi seremala, akijaribu kuyarudisha yale matete. Nje upepo ulikuwa mkali, kibarazani hakukaliki. Mhasibu akaliburuta benchi la wageni hadi ndani kabisa, katikati ya meza zetu, mahali pa pekee palipokuwa wazi kwa kuwa pazia lilikuwa limeng'olewa. Tukawaamkia, wakaitikia kwa ufupi, kama watu wenye neno zito. Wakaketi kusubiri.

Hodi ikapigwa. Mzee mwingine, wa Ilongero, aliyekuja kwa shida zake. Mimi na Mhasibu tukainuka. Lakini wale watatu walikuwa wameshakuwa ndani, na aliye ndani ndiye mwenyeji. Walimwitikia kabla yetu. Wakamsogezea nafasi kwenye benchi, wakaanza: wa nyumbani, mifugo, mvua. Tulitoa shikamoo yetu, naye yule wa Sepuka akatupungia mkono bila hata kugeuka.

"Marahaba, marahaba. Kaeni mfanye kazi, tunaongea hapa."

Tukakaa. Mhasibu akanitazama, nikamtazama. Akavuta mkono wa mashine. Hodi nyingine ikapigwa, mgeni mwingine akapokelewa, akaulizwa habari zake zote hadi za mbuzi, na mkono wa mashine haukusimama. Wazee walikuwa wanasalimiana na sisi tukiwa humo humo, tunaonekana, tumeamkia, hatujajificha kwa yeyote. Na kutoka kwenye benchi lile hakuna aliyeweza kusimama nyuma ya shingo yangu. Kufikia Meneja anarudi, jasho linamtoka, hotuba yake tayari mdomoni, hesabu za Sepuka zilikuwa zimetoka kwenye mashine na nilikuwa nazipiga chapa.

Yule mzee alizichukua zikiwa bado na joto. Akazitazama mbele na nyuma.

"Hapa mlikosa mtu wa kupokea wageni," akamwambia Meneja. "Wewe huwezi. Unaongea sana."

Meneja alipigilia benchi lile sakafuni siku hiyo hiyo, kwa misumari mirefu, kabla mtu hajabadili mawazo. Mzee wa Sepuka alikuja kila siku ya gulio tangu hapo, awe na shida au asiwe nayo, akaketi mwisho wa benchi na koti lake akipokea watu. Msimu ukaisha na kazi zote zikiwa zimetoka. Vijiji vikaongeza mwaka, kisha mwingine. Na kabla hata mwezi haujaisha tangu siku ile ya benchi, Meneja alikuwa ameshaanza kuwaeleza wageni kwamba benchi la katikati alilipanga tangu wakati wa chaki. Mhasibu alikuwa akikohoa kila anapofika hapo. Alipata kifua cha kudumu.

Nilikaa misimu mitatu. Kwangu ilikuwa maajabu. Nilipopata kazi Mwanza nilijiandaa kwa hotuba ndefu, lakini Meneja aliniuliza jambo moja tu, kule kuna viti gani. Sikujua. Alinisindikiza hadi kwenye lori, akapanda yeye kwanza mbele kwa dereva, akakalia nafasi yangu, akajinyanyuanyanyua, akashuka na kusema haifai lakini itanifikisha.

Nimepita ofisi nyingi tangu hapo, Mwanza, Tanga, Arusha, Mbeya, na sasa hata zenye kompyuta, ambako vijana wanakaa wamekunjamana kama kuku wa sokoni mbele ya mashine ya bei ya nyumba. Mwaka juzi nilikuwa natoka Arusha kwenda Tabora, basi likapumzika Singida. Ushirika ulikuwa umeshavunjwa miaka mingi. Ghala lilikuwa linakamua alizeti. Nikaulizia, nikaelekezwa nyumbani kwake, kwenye njia ya Ilongero.

Alikuwa amepungua sana, na blanketi magotini mchana, lakini alinitambua kabla sijamaliza shikamoo. Mkewe alikuwa anapepeta mtama uani. Tuliongea ya Mhasibu, ambaye alirudi Sekenke, na ya wazee waliotangulia mbele ya haki. Kisha akainama, kama mtu anayetaka kuuliza jambo la ugonjwa.

"Huko kote ulikopita," akaniuliza, "kuna ofisi uliyokaa kwa raha kuliko yangu?"

Nilifikiri vizuri, kwa sababu aliuliza kwa haki. Nikazipitia moja moja.

"Hakuna, Mzee."

Akapaza sauti kuliko nilivyodhani ameibakiza.

"Mama, acha ungo. Njoo hapa. Na wewe, mwambie tena, mwambie ulivyoniambia."

Mama akaja akijipangusa makapi mikononi. Nikarudia. Alinisikiliza hadi mwisho, akamtazama mumewe, akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yale yale ya siku ya kamba.

"Kama hakuna," akasema, "mbona uliondoka?"

Nikaanza kutaja Mwanza, nikaishia njiani. Meneja alitutazama wote wawili kwa furaha ya mtu ambaye hana haja ya kusaidia. Mama akaona nimekwama, akanionea huruma.

"Haya, yaishe. Leo unalala hapa. Kuna kuku."

Nikamwambia nashukuru, lakini basi linaondoka saa nane na begi langu liko ndani yake.

Meneja akageuza shingo taratibu, akamtazama mkewe.

"Umemwona mwenyewe," akamwambia. "Mtu wa namna hii, mimi nilimkalisha misimu mitatu."